Jumatatu ni siku ya sindano: siku moja maishani mwangu

Saa 12 asubuhi. Tucson, Arizona. Kwetu Tanga ni saa 10 jioni. Bibi yuko barazani anamngojea babu arudi kutoka shamba. Babu tulimzika miaka mingi iliyopita.

Saa 1:30. Glavu, barakoa, chumba cha panya. Hawa wamepandikizwa jeni za binadamu zinazoleta Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu. Dawa yao ni alopregnanoloni, niurosteroidi, yaani homoni ambayo ubongo huitengeneza wenyewe kutokana na homoni nyingine, projesteroni, na hupungua uzee unapoingia. Nampima kila mmoja kwanza: miligramu 10 kwa kilo, na panya ana gramu 30 tu. Mkono hautakiwi kutetemeka.

Saa 4. Hadubini. Saa hii naipenda kuliko zote. Kwenye kipande cha hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu, seli zilizozaliwa karibuni zinang'aa kijani. Kwenye seli ya neva iliyokomaa, dawa hii hufungua mlango, kloridi (chembe za chumvi zenye chaji hasi) ikaingia, seli ikatulia. Seli changa ina mlango uleule, ila kloridi imejaa ndani, kwa hiyo inatoka. Seli inashtuka, kalsiamu inaingia, nayo inaanza kugawanyika. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado linanisimamisha.

Saa 7 mchana. Wali na maharage. Mwanafunzi mgeni ananiuliza kwa nini tusiwadunge kila siku. Namweleza kuhusu timu ya mtafiti wa ubongo Roberta Diaz Brinton: mwaka 2010 walionyesha kwamba dozi moja iliwarudishia panya wagonjwa uwezo wa kujifunza, kisha wakaona sindano moja kwa wiki inashinda tatu. Seli ikishazaliwa inahitaji siku za kukomaa. Tuiache ikue.

Saa 10. Kuosha vyombo, kujaza daftari.

Saa 3 usiku. Tanga kumekucha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Hamisi. Umekula?"

Hamisi ni mjomba. Mama mdogo anataka kumsahihisha, namwomba amwache. Kisha ananiuliza dawa itafika lini. Namwambia ukweli: wagonjwa 24 Marekani walishiriki kwenye jaribio, 18 kati yao wakapewa dawa hii kwa dripu, mara moja kwa wiki, wiki 12, ikaonekana salama. Kama inarudisha kumbukumbu za mtu, jaribio dogo namna ile haliwezi kuthibitisha. Ananyamaza. Najua alitaka tarehe.

Simu inarudi kwa bibi.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, bibi. Wali na maharage."

"Ya nazi?"

"Ya nazi."