Kumbukumbu ya mradi wangu: vibubu vingi, kiolezo kimoja

Wiki hii nimeacha kabisa mpango wa kuweka mkataba mahiri mzima (programu inayojiendesha yenyewe) kwenye blokcheni ya Ethereum, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, kwa kila mtumiaji wa kibubu changu cha kidijitali. Mkataba huo una baiti 6,000 hivi, na kwa kuwa kila baiti ya msimbo inayohifadhiwa hutozwa gesi 200 (gesi ni kipimo cha ada ya kazi kwenye Ethereum), kila kibubu kipya kingekula gesi 1,200,000 kwa ajili ya msimbo peke yake, ilhali msimbo ni uleule kwa watu wote.

Sasa mkataba huo mzima unawekwa mara moja tu, kama kiolezo, na kila mtumiaji anapata wakala, yaani mkataba mdogo wa baiti 45 unaokitumia kiolezo hicho, kwa kufuata kiwango cha EIP-1167 cha mwaka 2018 (EIP ni pendekezo la kuboresha Ethereum). Gharama ya kuhifadhi msimbo imeshuka hadi gesi 9,000, mbali na gesi 32,000 za kuunda mkataba wowote ule. Wakala hupokea ombi, hulikabidhi kwa kiolezo kwa wito wa uwakilishi, kisha hurudisha jibu. Uzuri wake ni kwamba msimbo unaotekelezwa ni wa kiolezo, lakini hifadhi, salio na anwani ni vya wakala.

Uzuri huohuo ndio ulionipotezea siku mbili. Nilikuwa nimemwandika mmiliki ndani ya konstrukta (sehemu ya msimbo inayouandaa mkataba), nayo hutekelezwa wakati kiolezo kinapoundwa na kuandika katika hifadhi ya kiolezo. Kila wakala niliyemjaribu alisoma hifadhi yake mwenyewe, akakuta mmiliki ni sifuri, akakataa kutoa fedha. Kazi hiyo nimeihamishia kwenye funksheni ya uanzishaji, inayokubali kuitwa mara moja tu, ambayo mkataba wa kiwanda, yaani ule unaowaunda mawakala, huiita katika muamala uleule unaomzaa wakala, ili mtu mwingine asiwahi kujiandika kuwa mmiliki.

Kiolezo chenyewe nacho nimekifunga kisiweze kuanzishwa. Tahadhari hii naiona ya lazima, kwa sababu mnamo Novemba 2017 maktaba ya msimbo iliyotegemewa na pochi za kidijitali za kampuni ya Parity iliachwa bila kuanzishwa, mtu akajifanya mmiliki wake na kuifuta, na zaidi ya etha 513,000 (etha ni sarafu ya Ethereum) zikakwama katika pochi ambazo hazikuwa tena na msimbo wa kuzihamisha. Tangu mwaka 2024 Ethereum haifuti tena kwa njia hiyo mkataba uliokwisha kuwekwa, lakini sioni sababu ya kuacha mlango wazi.

Mawakala hawa hawawezi kubadilishiwa kiolezo, kwani anwani yake imo ndani ya zile baiti 45. Nilifikiria kutumia EIP-1967, inayotenga nafasi maalumu ya hifadhi kwa anwani hiyo ili iweze kubadilishwa baadaye, nikaamua kutoitumia: anayeweka akiba anastahili kujua kwamba masharti aliyoyasoma hayatageuzwa na mimi. Kazi iliyobaki ni kupima gesi ya ziada katika kila ombi, ambayo kwa kukifikia kiolezo mara ya kwanza ndani ya muamala ni 2,600.