Bonge la Dhahabu Lililonipeleka Gulgong

Picha moja tu ndiyo iliyonitoa Sydney, Australia. Mwanamume mwenye ndevu amesimama, mkono umeegemea bonge la dhahabu refu karibu kama yeye. Bernhardt Holtermann, mchimba dhahabu wa zamani. Nikasema nitafika Gulgong, mji wa zamani wa dhahabu wenye jumba la makumbusho lenye jina lake.

Treni hadi Lithgow, halafu basi. Safari yenyewe haina la kusimulia, isipokuwa kikombe cha kahawa ambacho kwa bei yake, Dar ningekula wali samaki na chenji ikabaki ya nauli.

Kwenye jumba la makumbusho alikuwepo bibi mmoja wa kujitolea. Nikamwonyesha ile picha kwenye simu. Akacheka mpaka akashika meza. Holtermann, akasema, hakupigwa picha na bonge lile hata siku moja! Ni picha tatu zimeunganishwa: yeye, bonge, na baraza. Bonge lenyewe ni la kweli, lilitoka mgodi wa Hill End, mji mwingine wa dhahabu, mwaka 1872, kilo 286 za dhahabu na mawe yake, likapondwa kupata dhahabu. Kumbe kuediti hakukuanza na simu.

"Basi nionyeshe vile vioo vya picha vya Beaufoy Merlin na msaidizi wake Bayliss," nikamwambia. Maana hao walikuwa wapiga picha wa enzi hizo, na Gulgong waliipiga kweli, kwenye vioo: unamwagia kioo dawa, unakichovya kwenye maji ya fedha, unapiga na kukisafisha kabla hakijakauka, kwa hiyo chumba cha giza mnakwenda nacho popote. Vioo zaidi ya 3,000 vilikuja kukutwa mwaka 1951 kwenye kibanda cha bustani, kitongoji cha Chatswood, Sydney.

"Viko maktaba ya jimbo," akasema. "Sydney."

Sydney! Dakika ishirini kwa miguu kutoka chumbani kwangu. Na malazi nilishalipia, kitanda chenyewe kinalia kama punda.

Nikabaki kutazama nakala zilizokuzwa. Wenye maduka wamesimama milangoni mwao, na jengo tulilomo mimi na bibi limo pichani. Pembeni mtoto alijitikisa, akawa moshi wenye viatu.

Duka la babu pale Tanga halikupigwa picha na mtu. Mama anasema mlango ulitazama sokoni. Shangazi anaapa ulitazama msikitini. Usiku ule, juu ya kitanda changu cha punda, nikampigia mama. Sokoni, akasema, na nisimuulize tena. Nikampigia shangazi.