Kudarizi Ubongo Usio na Doa

Leo nimekata shauri: huzuni haitapewa rangi kwenye kazi hii. Naliandika kabla sijashawishika tena, maana najua ushawishi utarudi. Anayedarizi picha za ubongo anaufahamu. Kitani nyeupe imewambwa kwenye fremu, mistari ya penseli imekamilika, na pembeni kuna uzi mwekundu wa hariri unaong'aa. Mkono unatamani kuweka doa moja la moto mahali fulani katikati, ili mtazamaji akifika aseme, "Kumbe hapo ndipo panapouma."

Picha tulizozizoea ndizo zinazotufundisha kulitafuta doa hilo. Ubongo wa kijivu, na juu yake madoa mekundu na ya njano, na chini yake maelezo kwamba hii ndiyo hofu, au hili ndilo pendo. Rangi hizo hazimo kichwani mwa mtu. Mbinu ya fMRI, yaani ya kufuatilia kazi ya ubongo kwa mashine ya MRI inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ambayo msingi wake uliwekwa na Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990, haioni hisia. Inafuatilia oksijeni katika damu, kwa kuwa damu iliyojaa oksijeni na iliyopungukiwa hutofautiana tabia mbele ya sumaku. Seli za neva za sehemu fulani zikishughulika, damu huongezeka pale, tena kwa kuchelewa sekunde kadhaa. Kisha kompyuta hugawa ubongo katika maelfu ya vichemba, aghalabu vya milimita 2 au 3 kila upande, ikalinganisha kila kichemba katika hali moja na nyingine. Mtafiti ndiye anayeweka kiwango. Kichemba kilichovuka kiwango hupakwa rangi. Doa jekundu ni jibu la hesabu, na jibu hilo linategemea swali lililoulizwa.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimlaza samaki aina ya samoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine hiyo. Wakamwonyesha picha za watu, na "kumuuliza" watu wale walikuwa wakihisi nini. Hesabu zilipofanywa bila kurekebishwa kwa ajili ya wingi wa ulinganisho, maana ukilinganisha mara maelfu baadhi ya majibu hutokea kwa bahati tu, madoa yalitokea kwenye ubongo wa samaki mfu. Wengi walicheka. Mimi nililichukua kama onyo kwa kila anayeshika uzi, kwa sababu msomaji wa takwimu anaweza kurudi kuzikagua, lakini anayetazama darizi ukutani huondoka na lile doa tu machoni.

Picha ninazozifanyia kazi ni zangu mwenyewe. Nilipimwa MRI kipindi nilipokuwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kwa sababu nilikuwa na maumivu ya kichwa yasiyokwisha na daktari alitaka kuhakikisha kwamba hakuna jambo jingine. Majibu yalisema ubongo ni wa kawaida, hakuna kasoro iliyoonekana. Nilitoka pale na bahasha mkononi nikaketi kwenye benchi la nje nikalia, na hayakuwa machozi ya furaha. Nilikuwa nimetamani doa. Nilikuwa nimechoka kuambiwa nijikaze, nisali zaidi, nitoke nikatembee, niache kuwaza sana. Nilidhani lingepatikana doa, hata dogo, ningewaonyesha wote walionishuku, wakanyamaza.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba picha ile haikuwa na uwezo wa kunipa nilichokitaka. Hakuna picha ya ubongo inayoweza leo kumwambia daktari kuwa mtu huyu ana sonona na yule hana. Watafiti wakiwakusanya watu maelfu huona tofauti za wastani, kwa mfano hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, kuwa ndogo kidogo kwa wenye sonona, lakini tofauti hizo ni ndogo mno na watu wanapishana sana. Wastani haumtambulishi mtu mmoja aliyeketi mbele yako. Sonona inatambuliwa kwa kuuliza na kusikiliza. Unalalaje? Chakula unakitamani? Yale uliyoyapenda bado yana ladha? Umewahi kufikiria kutoishi? Hali hii imedumu wiki 2 au zaidi? Kipimo chenyewe ni mazungumzo. Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu, na kazi yote imegeuka kwa sababu yake.

Kazi ina vipande viwili. Cha kwanza ni cha bafta. Gamba la ubongo, ile tabaka ya juu, lina unene wa milimita 2 hadi 4 tu, na lingekunjuliwa likalazwa mezani lingefika karibu sentimita za mraba 2,500, yaani kitambaa cha sentimita 50 kwa 50. Nilipoisoma tarakimu hiyo nilikwenda moja kwa moja kwenye mkasi. Kitu kinachobeba lugha, kumbukumbu, sura za watu tunaowapenda, ni eneo la leso kubwa! Ili lienee ndani ya fuvu limekunjwa marinda, na takriban theluthi mbili zake zimejificha ndani ya mikunjo. Basi nami nikafanya vivyo hivyo. Bafta iliyofuliwa ikalainika hukubali marinda vizuri: unapitisha uzi wa kushikiza kwa mistari inayopinda, unauvuta taratibu, unakaza fundo, na kitambaa kinainuka chenyewe. Sijapata katika ushoni starehe inayokaribia ile ya kuona mkunjo unatokea chini ya vidole. Kila mkunjo ninaushikiza kwa mishono midogo sana isiyoonekana, subana kidoleni, nikifuata picha zangu kipande kwa kipande.

Kipande cha pili ni kitani, na hiki ni cha nyuzi. Kuna aina ya MRI, iliyoelezwa na Peter Basser na wenzake mwaka 1994, inayofuatilia jinsi maji yanavyosambaa ndani ya ubongo. Maji husambaa kwa wepesi zaidi kufuata urefu wa nyuzi za neva kuliko kuzikata, kwa hiyo mwendo wake hufichua njia za nyuzi hizo. Desturi ya wataalamu ni kuzipa rangi kwa mwelekeo: nyekundu ni kushoto na kulia, kijani ni mbele na nyuma, buluu ni juu na chini. Hapo ule uzi wa hariri ukapata kazi ya halali. Daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo, lenye nyuzi zipatazo milioni 200, nimelidarizi kwa nyekundu tupu, mishono mirefu inayolala bega kwa bega. Mtu atakayeuliza kwa nini nyekundu, atajibiwa kwamba nyuzi hizi zinakwenda kushoto na kulia. Basi.

Lakini kazi iliyonyooka namna hiyo, ikaishia hapo, ingekuwa somo la anatomia. Masomo mazuri ya namna hiyo yapo. Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Karen Norberg, alifuma ubongo mzima kwa uaminifu wa kianatomia, na naupenda sana. Mimi nilikuwa nadaiwa kitu kingine.

Kilichonisaidia ni watu wawili waliodarizi wakiwa wamefungiwa hospitalini. Agnes Richter, mshonaji wa Ujerumani, alishona koti kwa kitani ya hospitali yenyewe, miaka ya 1890, akalijaza maandishi ya uzi. Mengi hayasomeki tena. Neno linalorudi rudi ni "mimi". Koti hilo limehifadhiwa Heidelberg, katika mkusanyo wa Prinzhorn, wa kazi za sanaa za wagonjwa wa akili. Mwingine ni Arthur Bispo do Rosário wa Brazili, aliyeishi miongo mingi katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Rio de Janeiro. Alifumua sare za buluu za hospitali akapata uzi, na kwa uzi huo akadarizi. Joho lake kubwa alilikusudia kwa siku ya kusimama mbele za Mungu, na upande wa ndani alidarizi majina ya watu. Nimeitazama picha ya bitana ile mara nyingi kuliko picha ya ubongo wangu. Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyechora palipouma. Waliandika, na sehemu ya waliyoyaandika waliiweka ndani, upande unaogusa mwili.

Kwa hiyo ndani ya mikunjo ya bafta, zile theluthi mbili zisizoonekana, ninadarizi majibu niliyompa daktari siku aliyonisikiliza mpaka mwisho. Kwa uzi mweupe juu ya bafta nyeupe. "Nalala saa tisa, naamka saa kumi." "Nikioga nimefanya kazi ya siku." "Simchukii mtu, sina nguvu ya kumpenda." Lile la kutotaka kuishi nimelidarizi pia, kwa herufi za ukubwa uleule, na jibu la daktari likifuata palepale: "Asante kwa kuniambia. Tuanze na usiku wa leo." Ukitazama kwa mbali unaona ubongo wa kawaida, hakuna kasoro, kama majibu yalivyosema, na majibu hayakusema uongo. Ili usome, sharti uupanue mkunjo kwa vidole.

Mama alikuja jioni moja akaikuta mezani. Akauliza, "Mwanangu, huo ugonjwa wako ulikuwa wapi hapa?" Sikumjibu kwa maneno, nilimwonyesha jinsi ya kufungua mkunjo mmoja. Akavaa miwani akasoma, akafungua mwingine. Alikaa sana. Halafu akasema, "Na mimi nilikuwa nakuamsha kwa kukugombeza." Nikamwambia, "Mama, nilikuwa sijakuambia." Hatukuendelea siku ile, ila tangu hapo ananiuliza nimelalaje, na akiuliza anasubiri jibu.

Niseme na hili, kwa ajili ya anayepitia hali hiyo sasa hivi. Darizi haikuniponya. Vilivyonitoa ni dawa, mazungumzo na mtaalamu, na watu wachache waliokubali kukaa nami bila kunihubiria. Nilianza kushona nilipokuwa nimeshapata nafuu ya kuweza kutunga uzi kwenye sindano. Anayekuambia sindano inatosha mahali pa daktari, usimsikilize.

Sasa ninaamua jinsi ya kuitundika. Nimeshasema haitawekwa ndani ya kioo. Watu waiguse. Itachafuka, najua, na bafta inafulika. Mishono nimeikaza kwa ajili hiyo.

Rafiki yangu anayeishi na wasiwasi mkali ameniomba nimfanyie yake, na ameahidi kuleta diski ya picha zake za MRI. Nimekubali kumfanyia, ila diski nimemwambia abaki nayo. Picha kamili za kichwa zinaweza kutumika kuunda upya sura ya mtu, ndiyo maana watafiti huondoa sehemu ya uso kabla ya kushirikiana data, na sitaki sura yake izagae kwenye kompyuta yangu. Kwa mikunjo nitatumia mchoro wa kawaida wa anatomia. Ninachokihitaji kutoka kwake ni majibu, kwa maneno yake mwenyewe, yale tu anayoridhia wageni wayaguse. Amesema ataanza na lile la lifti.