Jiografia Itamfikisha Wapi?

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi wa mtaani kwetu Jinja huniuliza kama mtoto anayeipenda jiografia ataambulia kazi yoyote zaidi ya ualimu. Kwa kuwa niliisoma Makerere na sasa naishi kwa kutengeneza ramani, hunibidi kujibu kwa uangalifu: kazi zipo, ila ni chache mno zinazotangazwa kwa jina la mwanajiografia, na anayesubiri tangazo la namna hiyo atazeeka.

Tuitazame Bududa, wilaya ya mashariki mwa Uganda. Mwezi wa Machi 2010, mteremko wa Mlima Elgon uliporomoka ukafukia kijiji cha Nametsi, na baadhi ya walionusurika wakahamishiwa wilaya ya mbali ya Kiryandongo. Kueleza maporomoko yale kunahitaji mtu anayeufahamu udongo wa volkano wenye mfinyanzi mwingi, mvua inayoushibisha maji, na athari za kufyeka miti kwenye mteremko mkali ili kupata mashamba. Lakini kuamua ni kaya zipi zihamishwe kwanza kunamhitaji anayeweza kuyaweka hayo yote juu ya ramani moja, kisha akaelewa kwa nini mkulima, hata baada ya kuwazika ndugu zake, bado anasita kuiacha kahawa yake kwenye udongo wenye rutuba kiasi kile. Kwa maoni yangu, na wanajiolojia wataninunia, hakuna somo jingine linalomwandaa mtu kuziona pande zote mbili kwa pamoja.

Ndiyo maana husikitika ninapowaona wanafunzi wakiukwepa usomaji wa ramani, ile mistari ya kontua inayoonyesha mwinuko wa ardhi na vipimo vya 1:50,000, wakikimbilia sura za kukariri. Sehemu wanayoichukia ndiyo inayolipa. Sensa ya Mei 2024, kabla ya karani yeyote kubisha hodi, ilihitaji nchi nzima igawanywe katika maeneo ya kuhesabia yenye mipaka inayoeleweka. Ziwa Victoria lilipofurika mwaka 2020, kuijua mialo (sehemu za ufukweni ambako mitumbwi ya uvuvi hutia nanga) iliyo hatarini kulihitaji ramani za aina hiyohiyo.

Kwa hiyo atakayeichagua jiografia asiikimbie hisabati ya takwimu, na aanze mapema kujifunza QGIS, programu ya kutengeneza ramani isiyolipiwa ambayo kompyuta ya kawaida huimudu. Mzazi naye afahamu kwamba shahada ya jiografia pekee haimfanyi mtu kuwa mpima ardhi. Taaluma hiyo ina shahada yake na usajili wake kisheria, hivyo anayetaka kupima viwanja aombe kozi hiyo tangu mwanzo.