Portland au Vancouver: kukaa upande upi wa Mto Columbia

Anayehamia eneo la Portland, nchini Marekani, huambiwa mapema kwamba jimbo la Oregon halina kodi ya mauzo, ilhali Washington, ng'ambo ya Mto Columbia, haitozi mishahara kodi ya mapato, na hivyo wengi hudhani kwamba ukikaa Vancouver, mji wa jimbo hilo la Washington, na kununua vitu Portland, upande wa Oregon, umeziepuka zote mbili. Hesabu hiyo ina tundu. Anayekaa Vancouver na kufanya kazi Portland hukatwa kodi ya Oregon kwenye mshahara anaoupata huko, na akinunua gari jipya Oregon, Washington humdai kodi yake siku ya kulisajili.

Mimi na mke wangu tulichagua Oregon kwa kuwa sote tunafanya kazi huku. Mwenye ajira Vancouver kwenyewe ana kila sababu ya kukaa ng'ambo. Tena kuna daraja la barabara kuu namba 5, ambalo upande wake wa zamani ulifunguliwa mwaka 1917: chombo kirefu kikipita, kipande cha daraja huinuliwa, na magari yote husimama, hata ya waliokwisha kuchelewa kazini. Kodi ya majengo hatukuitia kwenye mizani, maana bado tumepanga.