Roketi ya chupa imepanda mita ngapi?

Jana jioni hapa Ujiji mimi na dogo tumerusha roketi ya chupa ya soda, maji robo tu halafu upepo wa pampu ya baiskeli, ikachomoka fyuuu ikatulowesha mashati ikapita juu ya mwembe! Dogo akauliza, kaka imefika wapi? Simu ilihesabu sekunde 5 mpaka inadondoka, kwahiyo kupanda tuseme 2.5, zidisha 2.5 kwa 2.5 halafu mara 4.9 (nusu ya 9.8 ya mvutano wa dunia), unapata mita 30 na ushee. Ni makadirio, hewa nayo inaikaba. Roketi za kweli ndo utamu wenyewe, mvutano unapungua kadri unavyopanda, ila kilomita 400 juu bado upo karibu asilimia 90 jamani.