Kusoma makala za Kifaransa kuhusu karafuu bila kuwasha data

Ukitafiti mikarafuu, Kifaransa hukikwepi. Madagaska ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa karafuu duniani, na mengi yanayoandikwa huko kuhusu zao hili yako kwa Kifaransa. Mimi niko Pemba, na Kifaransa changu hakivuki salamu. Nilitaka kujua wenzetu wamegundua nini kuhusu Chrysotypus mabilianum, kiwavi anayetoboa mikarafuu yao.

Huduma za tafsiri za mtandaoni zipo, lakini mashambani mtandao huja na kuondoka, na bando huisha upesi. Kubwa zaidi, mtafiti mwenzangu wa huko alinitumia rasimu ambayo bado haijachapishwa. Kazi ya mtu niliyokabidhiwa kwa kuaminiwa siwezi kuibandika kwenye seva nisiyoijua.

Nikageukia kivinjari cha Firefox. Tangu toleo la 118, lililotoka Septemba 2023, akili mnemba yake ya kutafsiri hufanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe, maandishi hayatoki. Msingi wake ni mradi wa Bergamot, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya, ambamo Mozilla, wanaotengeneza Firefox, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Edinburgh na vyuo vingine. Modeli zake, yaani faili za akili mnemba zinazofanya tafsiri, ni ndogo, na unaweza kuzipakua mapema kwenye mipangilio. Nilipakua ya Kifaransa kwenda Kiingereza nikiwa mjini penye Wi-Fi, nikazima data, ikaendelea kutafsiri vilevile.

Kurasa za kawaida hazina tabu. Tabu iko kwenye PDF, hasa zile za safu mbili. Ukinakili aya, kila mstari unakuja umekatika peke yake, na neno lililogawanywa kwa kistari linabaki vipande viwili: «giro-» huku, «fliers» kule. Modeli haiwezi kukisia kwamba hiyo ni mikarafuu. Kwa hiyo nabandika kwanza kwenye programu ya kuandikia, naunganisha mistari, naondoa vistari na namba za kurasa, ndipo naipeleka aya moja moja kwenye ukurasa wa tafsiri wa Firefox, unaofunguka ukiandika about:translations mahali pa anwani. Usafi huu unachukua muda kuliko tafsiri yenyewe, lakini ndio unaoleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu.

Jambo la pili ni msamiati wa zao. «Griffes» ilinirudia kama makucha, na nikakutana na mafuta ya makucha aya nzima. Kumbe ni makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yaleyale tunayoyakamua mafuta hapa Pemba! «Clous», ambazo ni karafuu zenyewe, zikawa misumari. Sasa nina daftari la maneno ya namna hiyo, na nalipitia kabla sijaamini sentensi yoyote.

Kiswahili hakikuwamo Firefox ilipoanza huduma hii. Nilipotaka muhtasari wa kuwasomea wakulima, nilijaribu NLLB-200, modeli ya Meta ya mwaka 2022 inayojua lugha 200, Kiswahili kikiwamo. Toleo lake dogo huendeshwa ndani ya kivinjari kwa Transformers.js, maktaba ya msimbo ya kuendeshea modeli kama hizi. Ni zito, upakuaji wake ni mamia ya megabaiti, na kompyuta yangu ilipumua kwa shida. Waliolitengeneza wanasema wazi kwamba halikukusudiwa kutafsiri nyaraka nzima, kwa hiyo naliwekea ikisiri tu, halafu naisahihisha kwa mkono mpaka isomeke kama tunavyosema shambani.

Majedwali siyapitishi kwenye tafsiri kabisa. Wafaransa huandika 2,5 pale Kiingereza kinapoandika 2.5, na kwenye kipimo cha dawa sitaki mashine inikisie. Vivyo hivyo sentensi zenye «ne … que», maana yake «tu»: zikitafsiriwa vibaya, matokeo yaliyopatikana kwa miche michanga tu yanaweza kusomeka kana kwamba ni ya mikarafuu yote. Hizo nazitafuta kwenye Kifaransa chenyewe, na inayonitatiza namtumia mwandishi anifafanulie.